Riwaya iliyoandikwa mara mbili: kisa cha Nancy Huston na Tuzo ya Gavana Mkuu ya 1993

Mwishoni mwa 1993 Baraza la Sanaa la Kanada lilitangaza washindi wa Tuzo za Fasihi za Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa mfalme au malkia nchini humo. Upande wa riwaya za Kifaransa aliibuka Nancy Huston na kitabu chake Cantique des plaines. Wachapishaji kadhaa wa Quebec, jimbo la Kanada linaloongea Kifaransa, wakaja juu. Kitabu hicho, walisema, ni tafsiri: kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza kwa jina la Plainsong, na Plainsong nacho kimetoka mwaka huohuo. Tafsiri zina kipengele chake katika tuzo hizi. Hii imefikaje kwenye riwaya?

Huston alijitetea kwamba alichofanya ni kukiandika kitabu upya kwa Kifaransa. Hoja yake ikakubaliwa, tuzo ikabaki mkononi mwake.

Mabishano mengi juu ya kisa hiki yamemzunguka Huston mwenyewe: ni wa Alberta, jimbo la magharibi linaloongea Kiingereza, ni wa Paris, ana haki gani na Kifaransa cha Quebec. Hayo yana uzito wake na tutayafikia. Lakini kiini cha tatizo kilikuwa kikavu zaidi kuliko hayo. Kanuni ziliuliza kitabu kiko katika lugha gani. Hazikuuliza kimepita wapi kufika kwenye lugha hiyo. Kwa vitabu tisini na tisa kati ya mia, swali la pili halina kazi. Kilipotokea kile cha mia, hakuna aliyekuwa na jibu lililoandikwa mahali popote kabla ya ugomvi kuanza.

Tuzo ilivyofika hapo

Tuzo hizi zilianzishwa 1936 na Chama cha Waandishi wa Kanada kwa baraka za Gavana Mkuu wa wakati huo, John Buchan, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa riwaya. Washindi wa kwanza walipewa zao 1937, kwa vitabu vya mwaka uliotangulia. Kifaransa hakikuwemo. Mwandishi wa Kifaransa aliyetaka kushindana alilazimika kusubiri kwanza atafsiriwe kwa Kiingereza.

Mfano unaofaa kukaa nao kidogo ni wa Gabrielle Roy, mzaliwa wa Saint-Boniface, Manitoba. Riwaya yake ya maisha ya mafukara wa Montreal, Bonheur d'occasion, ilitoka 1945. Tuzo ya Gavana Mkuu aliipata kwa mwaka 1947, na kitabu kinachosomeka kwenye orodha ya washindi ni The Tin Flute, tafsiri iliyofanywa na Hannah Josephson. Yaani Roy alituzwa kwa sentensi ambazo hakuziandika yeye, na aliyeziandika hakuhesabiwa kuwa mshindi. Mwaka 1957 Roy akashinda tena kwa njia ileile, na Street of Riches. Alipokuja kushinda mara ya tatu, 1977, ndipo alipotuzwa kwa Kifaransa chake mwenyewe.

Kati ya ushindi wake wa pili na wa tatu mambo mawili yalibadilika. Baraza la Sanaa, lililoundwa 1957, lilichukua usimamizi wa tuzo mwaka 1959, na hapo hapo Kifaransa kikapewa vipengele vyake. Kipengele cha tafsiri kilichelewa mno, kiliongezwa 1987. Kwa hiyo Huston aliposhinda, kipengele ambacho wapinzani walitaka apelekwe kilikuwa na umri wa miaka sita tu. Waliokitunga walikuwa na picha ya watu wawili kichwani: mwandishi huyu hapa, mtafsiri yule pale. Mtu mmoja kushika kalamu zote mbili hakukuwa kwenye picha hiyo, ingawa si jambo geni. Samuel Beckett, mwandishi wa Ireland, alikuwa amefanya hivyo kati ya Kifaransa na Kiingereza kwa miongo kadhaa.

Kitabu kinaingiaje

Leo kuna tuzo 14: vipengele saba kwa Kiingereza na saba vilevile kwa Kifaransa. Ni riwaya na hadithi fupi, ushairi, tamthilia, maandishi yasiyo ya kubuni, vitabu vya watoto na vijana katika vipengele viwili (kimoja cha maandishi, kimoja cha picha), na tafsiri. Mshindi hupata dola 25,000 za Kanada. Wanne walioingia naye kwenye orodha ya watano hupata dola 1,000 kila mmoja, na mchapishaji wa kitabu kilichoshinda hupewa dola 3,000 za kukitangaza. Piga hesabu ya tuzo zote 14 utapata dola 448,000.

Mwandishi hujihusisha kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Mchapishaji ndiye anayewasilisha kitabu, na mchapishaji ndiye anayechagua kipengele. Sharti la mwandishi ni uraia wa Kanada au ukazi wa kudumu, anapoishi hakuulizwi. Ndiyo maana Huston, aliyekuwa Paris tangu 1973, hakuwa na tatizo lolote upande huo. Ndiyo maana pia Mkongo au Mrundi mwenye ukazi wa kudumu Montreal au Ottawa anaruhusiwa kushindana kwa Kifaransa chake bila kusubiri pasipoti.

Vitabu vikishapokewa hugawiwa kwa majopo, na kila jopo ni la lugha moja na kipengele kimoja. Wanaokaa humo ni waandishi wenzao, au watafsiri kwa kipengele cha tafsiri. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu mpango huu mzuri ndio uliozaa pengo. Jopo la riwaya za Kifaransa linasoma rundo la Kifaransa. Jopo la riwaya za Kiingereza linasoma rundo la Kiingereza. Vitabu viwili vya mama mmoja vinaweza kuingia jengo moja mwaka mmoja, kila kimoja kwenye chumba chake, na katika utaratibu mzima pasiwe na mtu ambaye kazi yake ni kuviweka mezani pamoja.

Kitabu chenyewe

Huston alizaliwa Calgary mwaka 1953. Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake. Alikwenda Paris akiwa msichana wa miaka ishirini, akasoma huko, akaanza kuandika kwa Kifaransa, na riwaya yake ya kwanza, ya 1981, ilikuwa ya Kifaransa moja kwa moja. Alipotaka kuandika juu ya Alberta, nchi ya utoto wake, alirudi kwenye Kiingereza.

Msimuliaji ni Paula, anayeishi Montreal. Anaisuka upya hadithi ya babu yake Paddon, mtu wa nyika za Alberta aliyepitisha maisha akitaka kuandika kitabu kikubwa juu ya wakati na asikimalize. Kando ya Paddon yuko Miranda, mchoraji wa kabila la Blackfoot na mpenzi wake, ambaye kupitia kwake riwaya inageukia yale wazungu waliyowatendea wenyeji wa nchi hiyo. Ni riwaya ya Kanada hadi kwenye mifupa. Hilo hakuna aliyelibisha.

Tazama jina. Kwa Kiingereza, plainsong ni wimbo wa kanisa wa kale, wa sauti moja usio na ala. Lakini ndani yake limo neno plain, nyika tambarare. Neno moja linabeba kanisa na ardhi. Kifaransa kina plain-chant kwa ule wimbo, na nyika ni plaine, lakini sikio la Mfaransa halizichanganyi hizo mbili: ya kwanza inaishia puani, ya pili inaishia na n iliyo wazi. Mchezo umekufa. Huston akaenda njia nyingine. Cantique des plaines inamkumbusha msomaji Cantique des cantiques, kitabu ambacho Biblia ya Kiswahili hukiita Wimbo Ulio Bora. Ghafla jina lina mapenzi ndani yake, jambo ambalo Plainsong halikuwa nalo, na riwaya yenye Miranda inasomwa ikiwa na taa nyingine mlangoni.

Mtafsiri hodari wa kuajiriwa angeweza kufikia jina hilo? Angeweza. Kwa hiyo jina peke yake si ushahidi wa kuandika upya, na anayelitumia kumtetea Huston anajenga juu ya mchanga. Tofauti iko kwenye ruhusa. Mtafsiri wa kuajiriwa anajibika kwa maandishi ya mwenzake: akiona aya imelegea, ataitafsiri ikiwa imelegea, au atampigia mwandishi simu. Anayejitafsiria anaikata. Akigundua katika lugha ya pili kwamba mhusika anasema sana, anamnyamazisha, kisha anarudi kwenye lugha ya kwanza na kumnyamazisha huko pia. Hapo kipi ni asili na kipi ni nakala? Muswada wa kwanza umesahihishwa na wa pili.

Malalamiko matatu ndani ya moja

Wapinzani walisema neno moja, tafsiri, lakini ukilichambua unakuta mambo matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja. Kosa kubwa la mjadala ule lilikuwa kuyajibu kwa pamoja.

La kwanza ni la utaratibu, na lilikuwa halali. Kama kuna kipengele cha tafsiri, anayeandika riwaya ya Kifaransa kutoka karatasi tupu ana haki ya kuuliza kwa nini anashindanishwa na kitabu ambacho kilikuwa tayari kimeshaandikwa kwa lugha nyingine.

La pili ni la fursa, nalo halikusemwa sana ingawa kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Plainsong na Cantique des plaines vilitoka mwaka mmoja. Kwa kanuni zinazotazama lugha tu, hadithi moja ya Paddon mmoja ingeweza kushindania tuzo ya riwaya ya Kiingereza na ya Kifaransa kwa mpigo. Mwandishi wa lugha moja hana tiketi hizo mbili.

La tatu ni la nani ni wetu, na ndilo lililotia moto. Tarehe 25 Oktoba 1993 Kanada ilikuwa imepiga kura, na Bloc Québécois, chama kilichotaka Quebec ijitenge, kilipata viti 54 na kuwa upinzani rasmi bungeni Ottawa. Miaka miwili baadaye kura ya maoni ya kujitenga ingeshindwa kwa upenyo wa sindano: asilimia 50.58 kwa 49.42. Katika hali hiyo, tuzo ya juu ya serikali kuu kwa riwaya ya Kifaransa kumwendea mtu wa Alberta anayeongea Kiingereza na kuishi Ufaransa haikuweza kusomwa kama habari ya vitabu tu.

Lakini kuna kejeli humo. Kabla ya hapo waandishi wa Quebec waliwahi kuikataa tuzo hii kwa sababu inabeba jina la mwakilishi wa malkia. Hubert Aquin aliikataa ya 1968, Fernand Ouellette ya 1970. (Leonard Cohen naye aliikataa ya 1968 upande wa Kiingereza, kwa sababu zake.) Mwaka 1993 lalamiko lilikuwa limegeuka: hakuna aliyesema tuzo hii si yetu, walisema amepewa asiye wetu. Walichosahau ni kwamba kipengele kinaitwa Kifaransa, hakiitwi Quebec. Roy alikuwa wa Manitoba. Antonine Maillet, mshindi wa 1972, alikuwa Muacadia, yaani wa jamii ya wasema Kifaransa wa mashariki mwa Kanada, kutoka jimbo la New Brunswick.

Na mwaka huohuo wa 1993, tuzo ya riwaya ya Kiingereza ilikwenda kwa Carol Shields kwa The Stone Diaries. Shields alizaliwa Illinois, Marekani. Kitabu kilekile kilichukua Pulitzer ya 1995, tuzo ya Wamarekani, kwa kuwa alikuwa raia wa nchi zote mbili. Lugha kubwa inaweza kugawana washindi na jirani bila kuhisi imeibiwa. Lugha iliyozungukwa huhesabu kila kipande cha mkate, na si haki kuwacheka wanaohesabu.

Kipimo gani kingefaa?

Tukiacha siasa, jopo au ofisi ya tuzo iliyopata kitabu cha namna hii ingekipima kwa nini? Vipimo vinne vinawezekana, na kila kimoja kina mahali kinapovunjika.

Kipimo cha muswada wa kwanza kinauliza ulianza kuandika kwa lugha gani. Kinasikika kuwa cha haki, ila hakikaguliki. Unamtegemea mwandishi mwenyewe aseme, na atakayesema kweli ndiye atakayeadhibiwa. Huston hakuficha kwamba alianza na Kiingereza. Angenyamaza je?

Kipimo cha tarehe ya kutoka kinatazama ipi iliingia sokoni mbele. Ni chepesi kukagua, maana ukurasa wa haki miliki una mwaka. Kwa kisa hiki hakisaidii chochote: mwaka ni mmoja. Zaidi ya hapo, tarehe ya kutoka humwambia mtu nani alipata mchapishaji haraka, haimwambii kitabu kilizaliwa wapi.

Kipimo cha mkono kinasema kila ambacho mwandishi amekiandika kwa mkono wake ni asili, mwisho wa maneno. Ndicho hasa kilichomwachia Huston tuzo yake, hata kama hakikutajwa kwa jina hilo. Ni kipimo safi, ila kinaacha wazi mlango wa tiketi mbili.

Kipimo cha kurasa kinataka viwekwe vyote viwili mezani na mtu anayezimudu lugha zote mbili aseme vimeachana kiasi gani. Hiki ndicho kinachokaribia ukweli. Ni ghali, kinachukua wiki, na bado mtu atauliza: vikiachana kiasi gani ndipo viitwe viwili? Sura nzima? Aya kumi? Hakuna mizani ya kupimia hilo.

Tungependekeza kuunganisha cha tatu na sharti moja, na kulimaliza kwenye fomu ya kuwasilisha, kabla jopo halijafungua boksi. Mchapishaji ajibu maswali matatu. Je, kuna toleo la kitabu hiki kwa lugha nyingine, lililotoka au liko njiani, na ni la mwaka gani? Nani aliandika toleo hilo? Je, limewasilishwa au litawasilishwa kwenye kipengele chochote cha tuzo hizi? Akishajibu, mwandishi aliyejitafsiria aruhusiwe kuingia kama asili katika lugha moja tu anayoichagua, na toleo la pili liende kwenye tafsiri au lisiende popote. Majibu yabaki ofisini. Jopo lisome kitabu bila kujua.

Kwa nini jopo lisijue? Kwa sababu msomaji akishaambiwa hii ni tafsiri ataanza kuwinda alama za tafsiri, na atazipata hata pasipokuwepo. Sentensi ngeni ya mzaliwa wa lugha huitwa mtindo. Sentensi ileile ya aliyejitafsiria huitwa doa.

Jambo hili halihusu Kanada peke yake. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta nchini Kenya nayo hushindanisha vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza, kila lugha na upande wake. Waandishi wanaomudu zote mbili wapo, na Ngũgĩ wa Thiong'o alishaonyesha, kwa Kigikuyu na Kiingereza, kwamba mwandishi anaweza kujitafsiria kitabu kikubwa hadi mwisho. Maswali matatu ya fomu yanagharimu nusu ukurasa.

Miaka sita baadaye

Kilichofuata kinaonyesha jinsi uamuzi wa 1993 ulivyokuwa jibu la kitabu kimoja tu. Mwaka 1998 Huston alitoa L'Empreinte de l'ange, safari hii akianza na Kifaransa, na kikaingia kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya riwaya ya Kifaransa. Mwaka uliofuata akatoa toleo lake la Kiingereza, The Mark of the Angel, lililoandikwa na mkono uleule. Hilo nalo likaingia kwenye orodha ya Gavana Mkuu, ila katika kipengele cha tafsiri. Kazi ya aina moja, mtu mmoja, tuzo moja: 1993 iliitwa riwaya, 1999 ikaitwa tafsiri.

Mwaka huohuo wa 1999 Tuzo ya Giller, ambayo ni ya riwaya na hadithi fupi za Kiingereza na haina kipengele cha tafsiri, iliiweka The Mark of the Angel kwenye orodha yake ya watano. Kitabu kilekile kilikuwa tafsiri Ottawa, kwa Baraza la Sanaa, na riwaya Toronto, kwa Giller.

Hakikushinda kokote. Tuzo ya Gavana Mkuu ya tafsiri kwa Kiingereza mwaka huo ilikwenda kwa Patricia Claxton, kwa kutafsiri wasifu wa Gabrielle Roy ulioandikwa na François Ricard.